Mbwa Mwitu Niliyesema Nimemwona

Jumapili, 8 Januari 2012

Daftari hili nimelinunua Al Mansoura nilipokwenda kutafuta kadi ya simu, na mtu asiniambie kwamba mwanamke aliyeachia shule darasa la nne hana la kuandika. Mimi ni Peninah Nafula wa Chwele, mama wa watoto watano, kukhu wa wajukuu tisa. Nafanya kazi katika nyumba moja hapa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, mwaka wa sita sasa. Pasipoti yangu inasema nina miaka arobaini na sita. Huo ni uongo wa wakala. Nina hamsini na minane na sioni aibu.

Leo lakini nimesema uongo wangu mwenyewe, na nimeona niuweke mahali nitakapouona kila siku.

Nilimpigia Nasimiyu, binti wa marehemu mwanangu. Yuko darasa la sita. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka saba na mapengo. Akaanza mara moja, bila hata salamu:

"Kukhu, mwalimu Kiprono ametupa insha. Kila mtu aandike juu ya mnyama na mahali anapoishi. Mimi nimepewa mbwa mwitu wa kijivu."

"Hata salamu, Nasimiyu? Mama yako Rael anakulea ama anakufuga?"

"Shikamoo Kukhu. Mwalimu anasema huko Uarabuni wako. Umemwona?"

Ningesema hapana. Neno ni fupi. Lakini nilisikia watoto wengine nyuma yake wakisema, "Muulize, muulize," na Rael naye akicheka, "Huyo hutoka jikoni saa ngapi?" Basi nikawaka.

"Nimemwona," nikasema. "Alfajiri. Mkubwa kama ndama."

Kukawa na kelele kule kama harusi. Nasimiyu akasema atasoma insha yake siku ya kufunga shule, tarehe nne Aprili, mbele ya wazazi wote, na nije. Nikasema nitakuja. Yaani kwa simu moja nimetoa maneno mawili na sina hata moja mkononi.

Ijumaa, 13 Januari

Kanisani Abu Hamour. Mhubiri alihubiri juu ya ulimi. Kuna mtu alimwambia.

Jumatatu, 16 Januari

Tumehamia jangwani. Kila mwaka baridi ikija, watu hawa wanaacha nyumba yenye vyoo saba na kwenda kulala hemani, kusini huko, mwendo wa saa moja kutoka Al Wukair. Wanabeba jenereta, mazulia, televisheni, mwewe wawili na mimi. Tutakaa mpaka mwisho wa Machi.

Mama Kabira ndiye anayefurahi. Huyu ni mama mzazi wa Jabir, mwenye nyumba. Wengine wanamwita Jabir "Baba". Mimi sitamwita baba mtu mdogo kuliko kifungua mimba wangu, namwita Bwana Jabir na anajibu. Mama Kabira ana jicho moja linaloona na ulimi unaofanya kazi ya mawili. Herufi ya kwanza ya jina langu haimo mdomoni mwake, kwa hiyo mimi ni Beninah. Chakula changu anakitema kwanza, kisha anakimaliza. Leo amenitupia kandambili kwa sababu uji wa ngano ulikuwa na mabonge. Haukuwa na mabonge.

Ijumaa, 20 Januari

Mwalimu Kiprono alishika simu mwenyewe. Sauti ya mtu aliyenyoa vizuri. "Mama Peninah, tunashukuru sana. Tuambie, rangi yake? Sauti yake? Nyayo zake zikoje?"

Nikasema mtandao unakatika. Nikakata mimi.

Jumapili, 22 Januari

Nimemwomba Bwana Jabir ruhusa ya kwenda nyumbani Aprili. Bila karatasi yake siwezi kutoka uwanja wa ndege. Si mtu mbaya. Alijikuna ndevu, akasema, "Miye sina neno. Mama akikubali, nitasaini kesho."

Nikaenda kwa mama. Alikuwa anaota moto wa kuni, miguu imetolewa nje kama mikate.

"La," akasema.

"Hujasikia hata kwa nini."

"Mtumishi wa kwanza alikwenda kuzika. Wa pili alikwenda kuoza binti. Wa tatu jino. Nani alirudi? Nipe gahawa."

Nilimpa. Nilitamani kumpa na kikombe cha kichwani. Mimi nina wajukuu tisa, yeye ana ishirini na nane wanaokuja kila Alhamisi kucheza na simu zao mbele yake, na bado ananing'ang'ania mimi! Mzee mchoyo.

Jumatano, 25 Januari

Ukungu. Sikuona hema la jirani hadi saa nne.

Jumamosi, 28 Januari

Nimemuuliza Augustine kuhusu mbwa mwitu. Augustine ni dereva wetu, kijana wa Busia, anajua kila kitu hata asichokijua. Alicheka hadi akashika usukani.

"Mathee, mbwa mwitu Qatar? Huku kuna paka na Land Cruiser tu."

"Cheka. Meno yako yenyewe si ya kuonyesha watu."

Lakini alinipeleka kwa Msudani mmoja anayechunga ngamia wa majirani. Msudani alisema miaka kumi na mmoja hapa, hajaona wala kusikia. Akasema wako ng'ambo, Saudia, mbali, penye milima na kwenye ukingo wa mchanga mkubwa, na Omani pia. Hapa walikuwepo zamani, wakaisha. "Muulize yule bibi yenu," akasema. "Kwao ndiyo walikuwa wanahamahama na mifugo."

Nikaona nife kwanza.

Alhamisi, 2 Februari

Upepo. Mchanga kwenye wali, kwenye chai, kwenye masikio. Nimesikiliza jangwa siku nzima nikitamani sauti ya kuku. Kuku tu. Kuku wa Rael anayetagia kwenye kapu la nguo. Nyumbani saa hizi wanachoma mabua, moshi unapanda kuelekea mlimani, na mtu anaita mtu ng'ambo ya mto bila sababu yoyote. Hapa siiti mtu, naitwa mimi tu.

Jumanne, 7 Februari

Mvua ilinyesha juzi, na tangu jana Mama Kabira hatulii. Anataka fagaa. Hivi ni kama viazi visivyo na shina, vinajificha chini ya mchanga, vinaota mvua na radi zikija wakati wake. Wajukuu walitafuta nusu saa, wakarudi kwenye gari. Bibi akabaki anatembea na fimbo, analia machozi ya jicho moja kwa hasira.

Mimi nilikulia kutafuta uyoga. Kitu kinachosukuma udongo kutoka chini hakifichiki kwangu. Nikainama jua likiwa chini upande, maana hapo ndipo ufa mdogo unatupa kivuli. Nikapata cha kwanza, cha pili, cha saba. Nikajaza kanga.

Mama Kabira alikaa chini mchangani kama msichana. Alikinusa kimoja muda mrefu.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Mlimani kwetu."

"Mna mlima?"

Miaka sita naosha miguu yake, leo ndiyo anauliza kama nina mlima.

Jumatano, 8 Februari

Nilipika fagaa kwa samli na kitunguu. Hakutema.

Basi nikauliza. Nikasema, "Mama Kabira, mbwa mwitu. Dhibu. Uliwahi kumwona?"

Alifuta sahani kwa kipande cha mkate. Kisha akasema, "Nani amekutuma?"

Nikamwambia yote. Nasimiyu, mwalimu, ndama. Nilipofika kwenye ndama aliniangalia kwa lile jicho kama nimemtukana mtu wa kwao.

"Ndama! Dhibu wetu ni mdogo, mwembamba, kama mbuzi wakati wa kiangazi. Rangi yake mchanga, mgongoni kijivu. Masikio makubwa. Ndama!" Akatema kahawa. "Wale wakubwa wa manyoya ni wa nchi za baridi, za misitu. Jabir ananionyesha kwenye televisheni. Ni ndugu, lakini wao wana nguo."

Akachora mguu kwenye mchanga kwa kidole. Vidole viwili vya kati, kwa chini, vimeungana. Akasema mbwa wa nyumbani vyake vimeachana, na huyu vimeshikana, ndivyo baba yake alivyojua nani amepita. Akasema hawatembei wengi kama wa televisheni, chakula cha kulisha wengi hakuna. Wawili, watatu, mume na mke na watoto wao. Mchana hulala chini ya mwamba au kwenye shimo la chokaa penye kivuli. Mtoto akikua huenda zake kutafuta pa kwake.

"Na mama yake?" nikauliza.

"Mama yake humwita. Siku nyingine hujibiwa."

Nimeandika kila neno. Mwalimu Kiprono atafute kalamu.

Ijumaa, 17 Februari

Baridi. Sikwenda kanisani. Bibi ana kikohozi na hataki kushikwa na mtu mwingine. Nimempaka mafuta kifuani, mbavu zake zinahesabika. Nilisema yeye ni mchoyo. Labda niliandika haraka.

Jumapili, 26 Februari

Leo Mama Kabira ameniambia lingine, bila kuulizwa, nikichagua mawe kwenye dengu.

Alikuwa wa umri wa Nasimiyu. Walipiga hema karibu na kisima upande wa kusini, ambako sasa ukiendelea unafika mpaka wa Saudia. Kulikuwa na dhibu jike mwenye shimo lake kwenye ukingo wa mwamba. Kaka yake Mama Kabira alijua kumwiga. Alimfundisha dada yake, na kila alfajiri wawili hao walikwenda kando wakaita, na yule jike akajibu. Hawa wa kwao hawalii ovyo, akasema. Wanalia mara chache, ndiyo maana anayejibiwa hawezi kusahau.

Kisha dhibu akachukua mbuzi. Mbuzi wa Mama Kabira, aliyemlea mwenyewe kwa chupa. Akalia, akakasirika, akamwendea baba yake na kusema, "Najua anapolala."

"Nikaenda mbele," akasema. "Miguu hii. Nikawaonyesha shimo. Watoto walikuwa wanne, macho hayajafunguka vizuri. Baba alimtundika mama yao kwenye mti, ili wengine waone. Siku ya pili nikaamka alfajiri, nikaenda, nikaita. Mtoto si ana akili ndogo? Nikaita."

Dengu zilinimwagika.

"Tangu siku ile, Beninah, nimeita kila baridi. Jabir anadhani nakuja huku kwa ajili ya hewa."

Jumatatu, 27 Februari

Sijui kwa nini jana nililia. Mnyama aliyekula mbuzi. Kwetu fisi walikula mbuzi wetu na nikafurahi walipoisha. Lakini kweli, sasa jioni kule hakuna kitu kinachoita kutoka mlimani. Sikuwahi kuona kwamba pamenyamaza mpaka leo, nikiwa huku.

Jumatano, 7 Machi

Mama Kabira amenifundisha kuita. Tulikuwa peke yetu hemani, wengine wamekwenda mjini. Sauti haitoki kooni, inatoka chini ya kitovu. Unaanza chini, unapanda taratibu, unaivunja mara moja tu, unaiacha ishuke yenyewe. Mara ya kwanza alisema nalia kama ngamia mwenye gesi. Mara ya sita alisema, "Kaslana, usiwe mvivu, kaza tumbo!" Mara ya kumi hakusema kitu.

"Halafu unafunga mdomo," akasema, "na unahesabu pumzi saba. Usiite tena kabla ya saba. Anayejibu anahitaji muda wa kuamini."

Jumapili, 11 Machi

Nasimiyu anauliza tarehe ya ndege. Nikamwambia nitamwambia. Akasema, "Mwaka juzi pia ulisema utaniambia." Hakulia. Afadhali angelia.

Jumatatu, 12 Machi

Nimeomba tena. Mama Kabira akageuza uso kwenye ukuta wa hema. La.

Alhamisi, 15 Machi

Nimechoka lakini hili siliachi hadi kesho.

Jana usiku Mama Kabira alimwambia mwanawe anataka kwenda kwenye kile kisima. Hema zinang'olewa wiki ijayo, na yeye anasema mwaka ujao si wake. Bwana Jabir alikuwa na mkutano mjini, akamtuma Augustine, na mimi kama kawaida nikawa mto wa kuegemea. Tuliondoka kabla ya adhana. Tulisali njiani, yeye sala yake, mimi yangu.

Kisima kimeziba. Kuna bati, matairi, na ukingo wa mwamba wa chokaa usiozidi urefu wa nyumba. Mti haupo. Alitaka ashuke na aachwe peke yake. Augustine akabaki kwenye gari. Mimi nikaenda nyuma ya ule mwamba, maana baridi na kahawa havipatani na mwanamke wa umri wangu. Niandike ukweli: nilikuwa nimechuchumaa.

Hapo nikamsikia.

Nimemsikia akinifundisha, nilidhani najua. Sikujua. Ile sauti ilitoka kwa mtu ambaye siwezi kumwita mzee. Ilipanda, ikavunjika mara moja, ikashuka. Nikahesabu bila kutaka. Moja. Mbili. Kulikuwa na upepo tu na gari la mbali barabarani. Sita. Saba.

Akaita tena. Mara hii sauti ilikwaruza.

Saba zikapita.

Mara ya tatu ilivunjika mapema, katikati, na mwisho haukuwa wa mbwa mwitu. Ulikuwa wa mtoto wa kike.

Nikasimama. Sketi mkononi, soksi moja imeshuka, mwanamke wa kanisa, mjane wa heshima. Nikakaza tumbo. Nikaita.

Ilitoka, jamani. Sijui ilitoka wapi. Nilikuwa nafikiria Nasimiyu akisema "mwaka juzi pia ulisema", na ikapanda yenyewe ikapita juu ya mwamba. Kisha nikafunga mdomo, nikajifunga sketi, nikakaa pale muda mrefu kwa aibu.

Nilipozunguka, Augustine alikuwa nje ya gari akiangalia tairi lisilo na shida yoyote. Mama Kabira amekaa juu ya jiwe, mikono mapajani.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Jike," akasema. "Mzee. Na amekula wali mwingi sana."

Nilitaka ardhi inimeze. Augustine alikohoa kwa nguvu.

Akanipa mkono nimwinue. Hakuuachia. Tulipofika mlangoni mwa gari akasema polepole, akiangalia ule mwamba, "Ana watoto mbali, huyo. Inasikika."

Njiani akalala begani kwangu.

Ijumaa, 16 Machi

Asubuhi Bwana Jabir alikuja jikoni na karatasi imesainiwa. Hata yeye anashangaa. "Umempa nini mama yangu?"

Nilikwenda kumshukuru. Nikaanza, "Mama Kabira, nitarudi baada ya..."

"Nyamaza. Wote walisema watarudi." Akanisukumia kikombe. "Wewe usiseme hivyo. Wewe ukifika, niite."

Jumamosi, 24 Machi

Tumeng'oa hema. Pamebaki majivu na alama za mazulia.

Jumapili, 1 Aprili

Ndege ni leo. Mama Kabira amekataa kutoka chumbani. Nilimwachia dengu zimechaguliwa, za mwezi mzima. Kupitia mlango alisema chakula changu kilikuwa kibaya miaka yote sita.

Jumanne, 3 Aprili. Chwele

Nimefika jana jioni. Nasimiyu ni mrefu kama mimi. Alinisalimia kwa mkono, kama mgeni wa serikali. Sina la kumlaumu.

Nimemwita nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikamwambia. "Sikumwona. Niliposema nimemwona nilikuwa nakudanganya, kwa sababu wenzako walikuwa wanasikiliza, na mama yako alicheka."

Alichuna jani la mgomba. "Nimewaambia watu wote."

"Najua."

"Mwalimu ameandika ubaoni. Kama ndama."

"Huyo ndama ni wangu. Mwangushie Kukhu, usijiangushie wewe." Nikampa daftari hili. Nikamwonyesha ule mguu nilionakili, vidole vilivyoshikana. "Hapa ndipo wanaishi kweli, na hapa ndipo waliishi. Soma. Ukitaka kunikasirikia, maliza kwanza."

Amekaa nalo hadi taa inakaribia kuisha mafuta. Sijaenda kulala. Laini yangu ya zamani imefungwa, nimechukua simu ya Rael nikamtumia Augustine namba. Sijapata nguvu ya kupiga.

Jumatano, 4 Aprili

Uwanja wa shule ulijaa. Nilivaa kitambaa changu cha kina mama wa kanisa, nikakaa mstari wa mbele kwa sababu sikutoka mbali vile nikae nyuma.

Nasimiyu alisimama na karatasi mbili. Hakutetemeka, wa kwetu hawatetemeki. Akasoma: mbwa mwitu wa kijivu anaishi nchi za theluji na misitu, anaishi milimani, na nduguye mdogo anaishi katika majangwa ya Uarabuni, Saudia na Omani, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Kule Qatar aliishi, haishi tena. Kisha akaniangalia.

"Niliwaambia Kukhu wangu alimwona. Hakumwona. Kukhu wangu alidanganya."

Watu walicheka hadi mabati yakalia. Rael ndiye alicheka zaidi. Mwalimu Kiprono aliinamisha kichwa, akamnyamazisha mtu. Nilikaza shingo na kuangalia mlima.

"Lakini," Nasimiyu akasema, na akangoja wanyamaze, huyu mtoto, "mtu mmoja alikuwa anamwita miaka mingi, hajibiwi. Kukhu wangu alimjibu."

Hapo ndipo simu ya Rael ikalia mkobani mwangu. Mbele ya wazazi wote. Namba ya Qatar.

"Mathee," akasema Augustine, "samahani sana. Kuna mtu hapa hali chakula tangu Jumapili. Anasema ulifika na hukuita."

Kabla sijajibu nikaisikia. Ndogo, ndani ya simu, ikipanda, ikavunjika mara moja, ikashuka. Waliokaa karibu waliisikia. Mama mmoja akajifunga lesso vizuri.

Nikasimama. Nina miaka hamsini na minane na kitambaa cha kanisa. Nikakaza tumbo, nikamjibu, mbele ya mwalimu na chifu na Rael. Hakuna aliyecheka. Nikafunga mdomo, nikaanza kuhesabu, simu imeinuliwa juu mkononi.

Moja. Mbili. Tatu.

Pumzi ya nne Nasimiyu aliweka karatasi zake mezani, akafumba macho, akaita. Alikuwa amelisoma daftari lote. Aliianza chini ya kitovu kabisa.

Nilirudisha simu sikioni. Kulikuwa kimya, nikadhani imekatika. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa, na Mama Kabira akimpigia Augustine kelele kana kwamba ni kiziwi:

"Wako wawili! Umesikia? Wako wawili!"